Mchanga wa Saa Saba

Marehemu Chabani, fundi magari wa Buyenzi, aliacha wajane wawili, na kwa miaka ishirini na sita mtaa mzima ulijua kwamba hawapikiki chungu kimoja. Mkubwa alikuwa Mwantum. Hakujaliwa mtoto, na Chabani alipochoka kungoja akaenda kumwoa Khadidja, binti wa watu wapole wa Kamenge, naye akamzaa Karimu kabla mwaka haujafunga. Tangu hapo Mwantum hakumsalimia mwenzake ila mbele ya wageni. Walikaa ua mmoja, wakachota maji bomba moja, kila mmoja na mlango wake na jiko lake. Aliyetaka kuwachekesha wenzake barazani alisema tu kwamba amewaona wake wa Chabani wakinywa chai pamoja.

Kisha Chabani akafa, eda ikaisha, na ugomvi ukakosa mwenyewe. Mwantum aliamka asubuhi na kukuta hana wa kumnunia. Mwaka huohuo Khadidja akapatikana na ugonjwa wa sukari. Muuguzi mmoja anayeitwa Béatrice, mwanamke asiyecheka ovyo, alimwambia kwamba vidonge peke yake havitamfaa kitu. Atembee kila siku, robo tatu ya saa, bila kusimamasimama. Khadidja alirudi nyumbani akamwambia mwanawe Karimu kwamba bora afe. Mwanamke wa miaka hamsini, mjane, na buibui lake, aonekane barabarani anafanya siporo? Watu watamcheka mpaka waumwe mbavu.

Mwantum aliyasikia hayo yote akiwa anachambua mchele upande wake wa ua. Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, Khadidja alifungua mlango akamkuta mke mwenzake amesimama uani, mtandio kaufunga kiunoni, miguuni kavaa raba za marehemu zilizompwaya.

"Twende," alisema. "Watu wakicheka, watacheka mi."

Na kweli walimcheka yeye, maana raba zile zilipiga pwata pwata mpaka mbwa wakabweka. Ilikuwa mwezi wa sita, kiangazi kimeingia, na kiangazi Bujumbura kila mtu ni mwanamichezo. Jumapili asubuhi vikundi vya Kamenge na Carama vilikuja na filimbi zao, mistari miwili miwili, wanaimba na kupiga makofi kama vile barabara waliachiwa urithi. Wenye vitambi walikimbia, na mabibi arusi watarajiwa walikimbia ili gauni liingie. Wajane wawili walijibanza kando wakawapisha, halafu wakaendelea na mwendo wao. Wiki ya kwanza walitembea bila kuzungumza. Wiki ya pili Khadidja aliomba wapunguze mwendo. Wiki ya tatu wakaanza kumsema marehemu.

Jumamosi walikwenda mbali zaidi, mpaka ziwani upande wa Kinindo, ambako kati ya ukuta wa hoteli na ukuta wa hoteli kulibaki kipande cha mchanga cha watu wote. Matajiri wa Kinindo walikimbia pale na waya zao masikioni, na hakuna aliyemwuliza mwenzake anatoka mtaa gani. Wajane waliketi wakapumzika. Hapo ndipo walipogundua kwamba Chabani aliwadanganya wote wawili kwa uongo uleule. Fedha alizokwenda nazo Uvira, ng'ambo ya mpaka, kufuata vipuri, ambazo Mwantum aliamini zinaishia kwa Khadidja, Khadidja naye aliamini zinaishia kwa Mwantum; kumbe hazikumfikia hata mmoja wao. Walitazamana. Aliyeanza kucheka ni Mwantum, akacheka mpaka akashika ubavu, na mwenzake akalia machozi ya kicheko. Watu waliowaona wakicheka walirudi na habari hiyo Buyenzi, wakaambiwa waache kutia chumvi.

Miezi mitatu baadaye Béatrice alipima sukari akaonyesha karatasi. Imeshuka. Mwantum aliikunja karatasi ile akaitia kifuani, akawaonyesha majirani kana kwamba mtihani alifanya yeye. Niseme ukweli wake: katika umri wa miaka sitini na mmoja, ndiyo mara ya kwanza mtu alikuwa anamhitaji kila siku inayopambazuka. Hakuwa na mwana wala ndugu wa karibu. Khadidja ndiye aliyebaki, na Mwantum alimpenda kwa ubahili wa mtu aliyechelewa kupata.

Mvua zikaja. Oktoba ilipopasua mbingu, vikundi vya filimbi vikapungua nusu, na kufika Novemba vilibaki vya kuhesabu kwa vidole. Mwanamichezo wa kiangazi akiona wingu anakumbuka kwamba goti linamuuma. Mwantum aliwasimanga wote. Yeye na Khadidja walitembea kati ya mvua na mvua, na mvua ikiwawahi waliingia mtaa wa Asiatique, kwenye baraza la duka la Bwana Azzan, mzee wa asili ya Oman aliyeuza vitambaa kama baba yake na babu yake. Baraza lake lilikuwa refu, hatua arobaini na mbili kutoka nguzo mpaka nguzo. Bwana Azzan aliwaruhusu watembee pale kabla hajafungua milango, akawatolea na kahawa, akisema dua za wajane hazirudi mikono mitupu. Wakaenda na kurudi, kwenda na kurudi, maji yakimwagika mbele yao toka paa la bati.

Lakini masika ya mwaka uliofuata hayakuwa na adabu. Machi na Aprili ilinyesha usiku kucha na mchana ikaendelea. Ziwa lilipanda likameza kile kipande chao cha mchanga, likapanda tena likaingia mabustani ya Kinindo, watu wakaokota samaki kwenye maua yao. Huku Buyenzi mitaro ilitapika, na kutoka nyumbani kwenda Asiatique ulivuka tope la kufika kwenye vifundo. Bwana Azzan akaugua, duka likafungwa, mwanawe akaweka mlinzi barazani. Wajane wakakaa ndani wiki saba. Walijaribu kuzunguka uani, hatua kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi, wakapata kizunguzungu, wakaacha.

Sukari ikapanda pamoja na ziwa. Siku moja Khadidja alirudi kutoka sokoni, akaketi kizingitini, akatazama miguu yake, akaanza kucheka. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine hauna. Tope lilikuwa limemvua ile nyingine mahali fulani njiani, naye amekuja mpaka nyumbani bila kujua. "Miguu yangu inalala siku hizi, Dada," alisema. Mwantum naye alicheka. Waliicheka ile kandambili mpaka jioni, na mimi ninayesimulia nikikumbuka kicheko kile nasikia baridi.

Béatrice hakucheka. Alimchoma Khadidja nyayo kwa ncha ya kalamu, akamwuliza anasikia wapi, na Khadidja akajibu kwa kubahatisha. Muuguzi alimgeukia Mwantum, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye msindikizaji, akamwambia neno moja mara mbili: asitembee peku. Hata nyumbani asitembee peku. Mwantum akaitikia vizuri. Kichwani mwake aliona matope, aliona misumari na vigae vya chupa vilivyojificha chini ya maji machafu. Alimnunulia Khadidja viatu vya plastiki vya kufunga, akamkagua kila alipotoka. Mvua zilipokatika mwezi wa tano, katazo nalo likakatika kichwani mwake. Matope yamekauka, basi. Hakuuliza tena.

Kiangazi kikarudi, na vumbi, na filimbi, na wenye vitambi. Ziwa lilirudi nyuma taratibu, kwa kinyongo, na mwezi wa nane ule mchanga wao ukatokea tena kati ya kuta mbili, mweupe, umeoshwa. Mwantum alifurahi mno. Alikuwa ameingiwa na hamu ya kulipiza wiki saba zilizopotea, na ndipo alipomkumbuka mama mkwe.

Mama yake Chabani, Mungu amrehemu, alisumbuliwa na magoti. Kila kiangazi aliwachukua wakweze mpaka ziwani, kwanza Mwantum peke yake, baadaye wote wawili na uhasama wao, saa saba ya mchana, jua la utosi. Hapo wakamchimbia mchanga, akatembea juu yake peku kwanza, kisha akafukia miguu mpaka magotini. Aliamini kwamba maji ya masika hubaki ndani ya mifupa, na kwamba mchanga wa saa saba ndio unaoyavuta. Wa alfajiri hauna nguvu, alisema. Alikufa na miaka themanini na nne, anatembea bila fimbo. Mwantum alipomkumbusha Khadidja jambo hilo, wote wawili walishangaa kwamba hawakulifikiria mapema.

Wakaenda Jumamosi, adhana ya adhuhuri imekwisha na swala wamesali. Ufuko ulikuwa mtupu, kwa kuwa watu wa Kinindo hukimbia asubuhi na jioni. Khadidja alifungua viatu vyake vya plastiki, akavipanga vizuri juu ya mtandio, akaingia mchangani. Mwantum akavua raba, akamfuata.

Hatua ya kwanza ilimkata pumzi. Ya pili alitaka kupiga ukelele. Ya tatu akaruka akarudi nyuma kwenye kivuli cha ukuta, nyayo zinamwaka, akatia miguu ndani ya raba kwa haraka. Khadidja alikuwa mbele, anakwenda taratibu kana kwamba yuko sebuleni kwake. Aligeuka akamwona mwenzake anafunga kamba.

"Iko nini, Dada?"

"Kijiwe," alisema Mwantum. "Iko kijiwe kimenichoma. Endelea tu."

Khadidja akaendelea. Akafika ukuta wa pili, akageuka, akarudi, uso umetulia, na kuna kitu cha zamani kikamwamkia Mwantum tumboni. Alikijua. Kilikuwa palepale siku Karimu alipozaliwa, mama mkwe alipotoka chumbani akisifu jinsi huyu mdogo alivyojikaza, hakulia hata mara moja, ana moyo huyu, ana moyo. Mtu mwenye akili zake pale mchangani angejiuliza. Mwantum alijiuliza, tena sana, ila swali lake lilikuwa jingine kabisa: kwa nini yeye anaweza na mimi siwezi? Hata hapa. Hata katika hili. Angeweza kusema neno moja tu, kwamba mchanga unaunguza. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba hakukuwa na kijiwe, na kwamba bibi mkubwa ameshindwa na hatua tatu.

Basi akasema, "Ongeza. Fikisha kumi."

Khadidja, ambaye hakuwahi kumkatalia jambo tangu siku ya raba za marehemu, akafikisha kumi. Kisha akaketi, akamwacha Mwantum amfukie miguu mpaka magotini, kama walivyomfanyia mama mkwe. Alikaa hivyo muda wa kusoma sura ya Yasini mara mbili. Mwantum alichota ule mchanga kwa mtandio aliousokota viganjani. Alimwuliza anasikiaje.

"Mi sisikii kitu, Dada," alisema Khadidja. "Iko vizuri."

Usiku huo ngozi ya nyayo iliinuka yote. Khadidja alipaka mafuta, akanyamaza siku mbili ili asimtie Mwantum huzuni, na siku ya tatu harufu ikamsemea. Hospitalini walikata vidole kwanza. Wiki iliyofuata walikata mguu wa kushoto chini ya goti. Wa kulia waliuokoa kwa shida.

Karimu alikuja kusimama katikati ya ua mchana, watu wote wanasikia. Hakupiga kelele. Alikuwa mwanaume mtulivu, fundi kama baba yake, na mikono yake ilikuwa bado na grisi.

"Mama mukubwa," alisema, "we ulimutembeza mama yangu juu ya moto. Peku. Muuguzi alikukataza, we ulimutembeza."

Mwantum aliapa kwamba hakujua. Na hilo lilikuwa kweli, kwamba hakujua. Lakini mtu aliyebanwa huongeza, naye akaongeza: kwamba walivua wote, wakatembea wote, bega kwa bega, na mchanga haukuwa na moto wowote, ni sukari tu iliyofanya yale. Aliyasema hayo uani, akayasema msibani kwa watu, akayasema msikitini upande wa wanawake mpaka yakawa laini mdomoni. Hakuna aliyemwamini. Buyenzi ilihesabu miaka ishirini na sita, ikapata jibu lake. Wanawake walimwitikia salamu wakiangalia pembeni. Karimu alimhamishia mama yake Carama, kwenye nyumba aliyokuwa anaijenga karibu na mashamba, na Mwantum akabaki na ua, milango miwili na jiko moja linalowaka.

Alibaki na tumaini moja. Khadidja mwenyewe alikuwepo pale. Khadidja akisema, imekwisha, hakuna wa kubishana naye. Mwantum alingoja neno hilo Septemba nzima na Oktoba nzima. Kila alfajiri alivaa raba, akatoka, akatembea peke yake robo tatu ya saa, na hakuweza kueleza anatembea kwa ajili ya nani. Mvua zilipoanza na vikundi vikaanza kupungua, hakuwasimanga tena. Mwezi wa kumi na moja akapiga moyo konde akapanda basi la Carama.

Karimu alikuwa kazini. Mkewe Houda, mwanamke mdogo mdogo asiye na makuu, alisita mlangoni, kisha akampisha. Khadidja alikuwa barazani kwenye kiti, kanga imefunika miguu, na pale ilipopaswa kuinuka mara mbili iliinuka mara moja. Wingu lilikuwa limeshashuka milimani. Mwantum alijipangia maneno tangu Buyenzi, na yote yakampotea. Alipiga magoti, akaushika mkono wa mwenzake, akalia.

"Usilie," alisema Khadidja. "Nimewaambia wote. Karimu nimemwambia, Houda nimemwambia. Mwantum hakujua. Mwantum ni dada yangu, hawezi kunifanyia vile. Karimu amekubali. Atakuja kukuomba musamaha, mungoje tu."

Mwantum alisikia mzigo ukimtoka mgongoni, akalia zaidi, sasa kwa raha. Akaanza kusema atahamia Carama. Watazunguka hapa barazani, yeye atamsukuma kwa kiti cha magurudumu, kwenda na kurudi, kama kwa Bwana Azzan. Watahesabu hatua. Mvua ikaanza kupiga bati, matone makubwa machache kwanza, kisha yote kwa pamoja.

Khadidja alimwacha amalize. Alikuwa anatazama raba za marehemu, ambazo Mwantum alizivua akaziacha ngazini, zinalowa.

"Ila kitu kimoja kinanisumbua, Dada. Ile siku we ulivaa tena raba. Ulisema iko kijiwe." Alizungumza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. "Watu wananiambia ulisema tulitembea sisi wote peku. Mi nawaambia walisikia vibaya. Kulikuwa kijiwe? Ukisema kulikuwa, mi nitaamini."

Ukweli ni kwamba uongo ulikuwa tayari mdomoni. Neno moja tu, ndiyo, na angerudishiwa kila kitu: dada, baraza, asubuhi zake. Mwantum alifungua mdomo alitoe. Lakini yule aliyemwuliza alikuwa ameamua kumwamini kabla hajajibiwa, kama alivyomwamini mchangani, na Mwantum akaona wazi kwamba anaombwa kumtembeza tena mara kumi.

"Apana," alisema. "Hakukuwa kijiwe."

"Ulisikia moto."

"Nilisikia."

Khadidja alitikisa kichwa taratibu. Hakulia, hakuuliza kwa nini. Labda alijua. Wanawake waliokaa ua mmoja miaka yote ile hawaelezani mambo ya namna hiyo. Aliutoa mkono wake kwenye mikono ya Mwantum, akainyoosha kanga juu ya goti, akaita ndani kwa sauti ya heshima, ileile waliyokuwa wanasalimiana nayo enzi za Chabani mbele za watu.

"Houda, mwanangu. Mugeni anaondoka. Mupe mwavuli, mvua ni nyingi."

Mwantum alivaa raba zilizojaa maji. Houda alimletea mwavuli kwa mikono miwili. Akaupokea, akashukuru, akashuka ngazi.